Nilisema "samahani" barabarani, sasa nadaiwa mbele na nyuma

Shangazi, shikamoo.

Nimezoea kusoma safu yako nikiwacheka wenzangu, leo zamu yangu imefika.

Wiki tatu zilizopita niliazima gari la kaka yangu nimpeleke mama kliniki. Leseni ninayo mwaka wa nne huu, si mgeni wa usukani. Wakati wa kurudi tulikuta foleni imebana, taa zikageuka nyekundu, gari la mbele likasimama, na mimi nilikuwa nimesimama, au karibu nasimama, ndipo nikasikia kishindo nyuma. Gari letu likasukumwa, likaenda kulibusu la mbele. Mama aliwaita kwa majina ndugu zake wote waliokwisha kufa.

Nikashuka huku natetemeka. Kwanza nikamfuata yule bwana wa mbele nikamwambia, "Samahani sana kaka, samahani." Aliyenigonga naye akashuka, kijana wa makamo, mstaarabu tu. Mwenyewe akasema, "Dada nisamehe, nilikuwa naangalia simu." Akaniomba tusiwaite trafiki wala tusifike kwenye bima, kwamba yeye atalipa papo hapo. Tuliliangalia gari. Kwa nyuma bampa ilikuwa na mkwaruzo na mpasuko mdogo pembeni, basi. Akanipa pesa, nami nikaona zinatosha kabisa kupiga rangi na chenji ikabaki. Aliniomba nimwandikie karatasi, nikaandika: "Nimepokea, sina madai zaidi," nikatia saini. Yule wa mbele tukapeana namba, akasema ataangalia kisha atanijulisha.

Siku ya tatu fundi akafungua bampa. Chuma cha ndani kimepinda, vishikizo vimekatika, na sensa mbili za kurudi nyuma, zile zinazomwonya dereva akikaribia kitu, zimekufa. Gharama ni mara tatu ya nilichopewa. Nikampigia yule kijana. Akasema kwa upole kwamba karatasi anayo.

Yule wa mbele naye akaleta makadirio: bampa mpya, taa ya nyuma ya kushoto, mfuniko wa buti, na rangi upande wote wa kushoto. Mimi nilimgusa katikati! Anasema nilikiri mwenyewe kwa kuomba samahani, na kwamba alipigwa mara mbili, si mara moja. Mimi nakumbuka mshtuko mmoja. Tena alama anayonionyesha katikati ya bampa yake iko chini. Nilipolipima gari la kaka likiwa limeegeshwa, pua yake inazidi ile alama kwa vidole vinne hivi.

Kaka ana bima kubwa lakini hataki kuitumia, anasema atapoteza punguzo lake la miaka yote aliyokaa bila kudai. Anataka spea mpya kabisa, za dukani, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa kwenye usukani. Wifi anasema nilipe kila kitu na nisiguse tena ufunguo. Mama anasema ndugu hawadaiani. Mimi nasema sikumgonga mtu, niligongwa! Kwa nini nilipe?

Nisaidie, Shangazi. Na niambie kweli: nilikosea kusema samahani?

Wako,
Nimebanwa Katikati

*

Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje? Umenieleza habari za bampa mpaka vishikizo, ila shingo ya mama hukuitaja hata mara moja. Mtu akigongwa kwa nyuma, maumivu ya shingo mara nyingi hayaji palepale. Huja baada ya saa kadhaa, au siku moja mbili. Na ile karatasi uliyoandika, "sina madai zaidi", haikusema ni madai ya rangi tu. Muulize mama leo kabla hujaendelea kusoma.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili nikakwama kwenye neno moja: "nilikuwa nimesimama, au *karibu* nasimama." Hilo "karibu" limekuponyoka, na ndilo litakaloamua kama wewe ni mtu wa katikati aliyesukumwa, au ni mtu aliyegonga kisha akagongwa. Yule bwana wa mbele halijui. Kijana wa nyuma halijui. Unalijua wewe peke yako, na pengine mama, ingawa mama wakati huo alikuwa na shughuli nyingine.

Nikueleze kwa nini lina uzito. Magari matatu yakigongana kwa kufuatana, watu hukimbilia kusema wa nyuma kabisa ndiye mwenye makosa yote. Mara nyingi ni kweli, lakini si kwa sababu yuko nyuma. Ni kwa sababu kila dereva anatakiwa kuacha nafasi ya kutosha mbele yake ili, wa mbele akipunguza mwendo au kusimama ghafla, asimguse. Mkataba wa kimataifa wa usalama barabarani wa Vienna, wa mwaka 1968, unasema hivyo, na sheria za nchi nyingi zinafuata mkondo huohuo. Ila wajibu huo haukuwa wa yule kijana tu. Ulikuwa na wako kwa gari la mbele yako. Kama ulikuwa umesimama kabisa, ukasukumwa, umetekeleza wajibu wako na hasara ya mbele inapanda kichwani kwa aliyekusukuma. Kama ulimgusa yule wa mbele kwanza, hata kidogo, ndipo ukapigwa, basi kuna kipande cha hasara ya mbele ambacho ni chako, na hakuna simu ya mtu mwingine itakayokifuta.

Sasa tuseme habari ya mishtuko. Wakaguzi wa bima hupenda kumuuliza dereva wa mbele alipigwa mara ngapi. Akisema mara moja, picha huelekea kwenye kusukumwa. Akisema mara mbili, wanaanza kumtazama wa katikati. Lakini usiogope mapema, kwa sababu mara mbili haina maana moja. Aliyekuwa anachezea simu anaweza kukugonga, akashtuka, mguu ukateleza, akakusukuma tena. Kilicho muhimu ni kipi kilitangulia. Keti peke yako, funga macho, urudi pale. Kishindo cha kwanza kilikusukuma mgongo kwenye kiti, au kilikutupa kwenye mkanda? Gari likipigwa kwa nyuma, kiti ndicho kinachokusukuma. Ukigonga wewe, mkanda ndio unaokukamata. Ukikumbuka mgongo umekandamizwa kwenye kiti kwanza, jisimamie bila haya.

Vidole vyako vinne pia nimevipenda, maana umejipimia kama mkaguzi bila kujua. Gari likifunga breki kwa nguvu huinamisha pua. Kwa hiyo alama iliyo chini kuliko pua ya gari lililoegeshwa inaweza kuwa dalili kwamba pua ilikuwa imeinama, yaani ulikuwa bado unafunga breki. Inaweza pia kuwa alama ya zamani isiyokuhusu kabisa. Na hata aliyesimama akikanyaga breki, akisukumwa, pua huinama kidogo. Kwa hiyo si ushahidi wa kumfunga mtu, lakini usiitangaze kama ushindi wako, kwa sababu inakata pande zote mbili. Ilinganishe na rangi: je, kwenye alama yake kuna rangi ya gari la kaka yako? Na kwenye pua ya gari la kaka kuna rangi yake? Rangi zikikosekana pande zote mbili, alama hiyo muulize mwenyewe ilikotoka.

Tuje kwenye samahani yako. Hapana, hukukosea. Mtu anayeshuka kwenye gari na neno la kwanza kinywani mwake likawa "una picha?" simtaki hata awe jirani yangu. Samahani ni neno la kumpoza mwenzio, na kuna nchi zilizoliwekea ukuta wa kisheria kabisa. Mwaka 2006 Uingereza ilitunga sheria inayosema kuomba radhi kwenyewe tu si kukiri uzembe. Mwaka huohuo jimbo la British Columbia nchini Canada likafanya vivyo hivyo. Kwingine ukuta huo haupo, na samahani inaweza kutupwa mezani, lakini bado ni neno moja mbele ya alama, rangi, vipande na mashahidi. Kinachomfunga mtu ni kusema *alichofanya*. "Samahani, umeumia?" ni utu. "Nilikuwa naangalia simu" ni maelezo ya tukio, na hayo aliyatoa mwenzako. Uliyaandika mahali popote? Najua hukuandika. Mama aliyasikia lakini? Kama aliyasikia, mwandikie kumbukumbu yake sasa, akiwa bado anaikumbuka sauti ya yule kijana. Na kwa faida ya yeyote anayedhani kutazama simu ni jambo dogo: mwendo wa foleni wa kilomita 20 kwa saa ni mita 5 na nusu hivi kila sekunde. Sekunde 2 za kusoma ujumbe ni mita 11. Hayo ni magari mawili na zaidi kidogo, macho yakiwa chini.

Kosa lako la kweli ni karatasi. Ulisamehe hasara ambayo hukuwa umeiona, ya gari ambalo si lako. Bampa za siku hizi ni ganda la plastiki. Ukilibonyeza hurudi, na ndiyo maana mnatazamana pale barabarani mkisema "mkwaruzo tu". Kazi ya kupokea kishindo inafanywa na kilichofichwa nyuma ya ganda: sponji ngumu, chuma cha kukingama, vishikizo, na sasa sensa na nyaya zake. Hata kiwango cha lazima cha bampa Marekani ni cha mgongano wa maili 2 na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Kabla ya mwaka 1982 kilikuwa maili 5, wakakipunguza. Anayekadiria hasara ya nyuma ya gari bila kufungua bampa anabahatisha, na wewe ulibahatisha kwa saini.

Lakini karatasi hiyo si mwamba. Gari ni la kaka. Dai la hasara ya gari ni la mwenye gari, na wewe uliazima usukani, hukuazima haki ya kusamehe kwa niaba yake. Hiyo ni hoja nzito, na kaka akitaka kuitumia amwone mwanasheria na nakala ya karatasi mkononi, maana mahali pengine wanaweza kuuliza kama ulionekana una ruhusa ya kumalizana. Kabla ya mwanasheria, hata hivyo, jaribu njia ya kistaarabu, kwa sababu uliyekutana naye amekuonyesha kuwa ni mstaarabu. Hakukimbia. Alilipa akiamini kamaliza. Wewe ukampigia simu ukiwa na tarakimu mara tatu ya alizokupa, angefanya nini kama si kukumbatia karatasi? Mtu haamini chuma kilichopinda kwa simu. Mwite aje gereji. Bampa ikiwa chini, mwache aguse mwenyewe, na fundi asimame pembeni anyamaze, kwa sababu mafundi wengine huharibu mazungumzo kwa kuongeza chumvi. Akitaka kuleta fundi wake, karibu sana. Umwambie wazi kwamba karatasi unaikumbuka, kwamba uliandika ukiwa huoni kilichomo ndani, na kwamba humdai rangi tena, unamdai tofauti tu. Watu wengi hulipa nusu ya tofauti mahali ambapo wangekataa yote. Nusu hiyo si aibu kuipokea. Ila safari hii karatasi aandike na kaka yako, na itaje ni gari lipi, vipande vipi, na kwamba haihusu afya ya mtu.

Yule wa mbele simuelewi, na simuamini sana. Unagusa mtu katikati ya bampa, yeye analeta taa ya kushoto na rangi ubavu mzima? Usimlipe hata senti kwa makadirio ya jumla. Mwambie atoe orodha inayotenganisha kipande kimoja kimoja, kazi mbali na spea mbali, na picha zilizopigwa siku ile kama anazo. Kisha nenda ukaangalie kwa macho yako, mchana. Plastiki iliyovunjika juzi ina ukingo msafi na mkali. Iliyovunjika zamani imejaa vumbi na uchafu ndani ya ufa. Chuma kilichokwanguliwa jana hakiwi na kutu nene. Inawezekana mfuniko wa buti ukawa na haki, kwa sababu bampa ikisukumwa ndani mfuniko hukataa kufunga sawasawa. Ufungue na kuufunga, utazame mianya ya kushoto na kulia kama inalingana. Hiyo taa ya pembeni aieleze yeye. Na umjulishe kwa maandishi, bila ukali, kwamba gari lenu lilisukumwa na la tatu, na umpe namba ya yule kijana. Ila fanya hivyo baada ya kumaliza hesabu yako na lile "karibu". Kama moyoni unajua ulimgusa kwanza, usimtume kwa mtu mwingine. Lipia alama ya katikati, iishe.

Sasa kaka, ambaye ndiye niliyemwekea nafasi kubwa kwa sababu gari litapona na yeye ataendelea kuwa kaka yako.

Unauliza: sikumgonga mtu, kwa nini nilipe? Swali hilo ni zuri kumuuliza yule kijana. Kwa kaka halifai. Kati yako na barabara kuna swali la nani mwenye makosa. Kati yako na kaka kuna swali jingine kabisa: alikupa gari zima, umemrudishia limevunjika. Mwazimaji harudishi kitu na hadithi ya aliyekivunja. Hurudisha kitu, kisha yeye ndiye anayehangaika na aliyekivunja. Kwa hiyo mbele ya kaka, gari ni jukumu lako hata kama huna kosa hata chembe, na ukilianzia hapo utashangaa sauti yake itakavyoshuka. Nadhani kinachomuudhi si chuma, ni wewe kuingia ndani ukisema "niligongwa" kabla hujasema "gari lako nitalirudisha lilivyokuwa".

"Lilivyokuwa" lakini, si zaidi. Spea mpya za dukani kwa kila kipande ni kumtengenezea gari ambalo hakuwa nalo. Chuma cha kukingama na vishikizo ninamuunga mkono vinunuliwe vipya, visinyooshwe, kwa sababu hivyo ndivyo vitakavyopokea kishindo kijacho, na chuma kilichopinda kikanyooshwa hakina nguvu ya mwanzo. Sensa pia zinunuliwe za gari hilohilo, na zijaribiwe mbele yenu. Mwambieni mpiga rangi asirundike puti na rangi nene mahali sensa zinapokaa, maana huzipofusha. Ganda la plastiki ni jambo lingine: la mtumba lenye hali nzuri, likipigwa rangi na mtu anayejua, halimpunguzii mtu kitu. Akitaka jipya, aongeze tofauti.

Na bima? Hapo kaka amekosea, au tuseme amekadiria bila kupiga hesabu. Uamuzi wa kutodai ni wake, lakini hawezi kukataa kuitumia kisha akakutwika gharama yote kana kwamba haipo. Akae na mkataba wake aandike tarakimu mbili: kwanza, kile kiasi cha mwanzo ambacho mwenye bima hujilipia kabla kampuni haijatoa chake, jumlisha punguzo atakalolipoteza mpaka atakapolipata tena; pili, gharama ya gereji ukitoa alichokwisha kulipa yule kijana. Ya kwanza ikiwa kubwa, yuko sahihi, mlipe wenyewe. Ikiwa ndogo, adai, na wewe umfidie hiyo tarakimu ya kwanza. Pia asome sehemu ya taarifa. Mikataba mingi inataka ajali itolewe taarifa ndani ya muda maalumu hata kama hudai chochote, na mingi inakataza mtu kukubali makosa au kumalizana na upande wa pili bila kampuni kujua. Wiki tatu zimeshapita. Yule bwana wa mbele akiamua kwenda mahakamani miezi sita ijayo, kaka atataka kampuni isimame naye, na kampuni itauliza kwa nini inasikia leo. Aangalie pia kama mkataba unamruhusu mtu mwingine kuendesha. Kama haumruhusu, mazungumzo yote haya yanabadilika na ni afadhali mjue sasa.

Wifi mpe ufunguo, kuna hekima ya kukaa mbali na gari hilo kwa muda. Mama naye asiwe hakimu. Yeye ni shahidi.

Ungefanya kwa utaratibu gani? Leo usiku mweleze kaka kisa chote tena, safari hii na neno "karibu" likiwa ndani yake, maana asipolisikia kwako atalisikia kwa yule bwana wa mbele. Kesho asubuhi pita gereji umwambie fundi asirudishe bampa na asitupe kipande chochote, piga picha za chuma na vishikizo kwa mbali na kwa karibu, moja ioneshe namba ya gari. Kisha umpigie yule kijana umwombe aje kabla ya Jumamosi. Usimtajie pesa kwenye simu.